Mtalii wa ndani kapanda Lutindi

Mpenzi msomaji, wiki mbili zilizopita kuna binti wa Mwananyamala aliniandikia akanichamba kweli kweli. Anasema kila Jumamosi safu hii ni Bagamoyo, Kigamboni, Zanzibar, mishikaki na muziki wa ufukweni, "kwani wewe kwenu hakuna?" Nikamsomea mshikaji wangu, akacheka hadi akapaliwa na soda. Kwetu kupo, dada. Upande wa mama ni Korogwe, ila mara ya mwisho kulala huko nilikuwa bado navaa kaptura ya shule.

Basi nikaamua. Siku nne, begi moja, kofia, miwani ya jua, simu yenye kamera safi, mtalii wa ndani huyo! Usicheke. Kama Mzungu anavuka bahari kuja kupiga picha madirisha ya kanisa, mimi ambaye bibi yangu alibatizwa humo nashindwa nini?

Sikwenda moja kwa moja. Nilishuka Mkata nikadandia Coaster ya Handeni, kilomita 54 za lami. Wakubwa wanaikumbuka barabara hii enzi za vumbi, unashuka kwenye basi nywele zimekuwa nyekundu kama za mdoli. Siku hizi unashuka na unadhifu wako.

Handeni kwanza inachekesha kwa majina. Kila mahali ni kwa mtu fulani: Kwa Mkono, Kwamsisi, Kwamatuku, Kwamagome. Sisi wa Dar tunajiona wajanja na Kwa Mtogole na Kwa Aziz Ali, kumbe Wazigua walituanza siku nyingi. Kwa Mkono ndiko iliko Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, iliyojulikana miaka mingi kwa kulea watoto waliopooza kwa polio. Ilianzia kwenye misheni ya Waingereza wa UMCA, hao hao waliojenga Kideleko, nje kidogo ya mji wa Handeni.

Hawa UMCA nao ni stori. David Livingstone alikwenda Cambridge mwaka 1857, akawahutubia wasomi wa chuo kikuu, damu zikawachemka, wakaanzisha misheni. Walijaribu kwanza upande wa Malawi, maradhi yakawamaliza, mwaka 1864 wakahamia Zanzibar. Huko wakawasomesha watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na baadhi ya watoto hao ndio waliokuja kuwa walimu na mapadre huku bara. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema dini ililetwa na Mzungu, mwambie sawa, lakini aliyesimama na chaki mbele ya darasa mara nyingi alikuwa Mwafrika, tena aliyewahi kuuzwa.

Kideleko nilifunguliwa kanisa na mzee mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni utadhani askari magereza. Ndani kimya, harufu ya ubani imeganda kwenye mbao. Nikapiga picha kumi na mbili. Mzee akanitazama, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, ukishamaliza kupiga, na kuomba pia inaruhusiwa." Nilitamani sakafu inimeze.

Yule mzee ndiye aliyenikumbusha reli ya kusukuma. Hii sikuitegemea hata kidogo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani walitandika reli nyembamba kutoka Mombo hadi Handeni, ili mizigo ya reli ya Tanga isogee kuelekea reli ya kati. Injini hakuna! Vigari vilisukumwa na watu. Fikiria uzito wa risasi na magunia, jua la Handeni hili, halafu wewe ndiye injini. Juni 1916 jeshi la Jenerali Smuts likapita Korogwe na Handeni, Wajerumani wakarudi nyuma, reli ikabaki hadithi. Nilitafuta alama yake nusu siku, nikaambulia mbigili kwenye soksi. Na makanisa nayo hayakusalimika na vita ile: wamisionari wa Kiingereza walikamatwa tangu mwanzo kwa kuwa ni raia wa adui, na walimu wao Waafrika wakatiwa ndani pia. Wale Waingereza walipata uhuru wao Tabora, Septemba 1916, Wabelgiji walipoingia.

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65, nazo ni lami. Sitawachosha na mji: ni joto, ni mabasi, ni wauza machungwa wanaokufukuza hadi dirishani. Stesheni niliiona kwa dakika kumi. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika hapa 1902, yaani miaka tisa kwa safari ambayo basi la leo linakwenda saa mbili na dereva anapiga soga na simu.

Nilifikia kwa mama mkubwa. "Shikamoo, mama mkubwa." "Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mjini hamli?" Jumapili saa kumi na mbili asubuhi akaniamsha kwenda misa. Ndiyo, misa. Waanglikana wa huku si wale wa gitaa na vinanda vya umeme. Ni kengele, ubani, padre kavaa mavazi yenye nakshi, masista wamo. Mtu wa Roma anaweza kuingia, akapiga magoti, akamaliza ibada yote hajagundua kuwa kapotea njia. UMCA walikuwa hivyo tangu mwanzo, na Askofu Frank Weston wa Zanzibar ndiye aliyeanzisha shirika la masista waliotumika huku, mwaka 1911. Niliimba nyimbo tatu bila kitabu. Sikujua kama bado ninazo kichwani.

Baada ya chai ya misa nikamwambia mama mkubwa programu yangu ya kesho: napanda Lutindi kupiga picha. Kikombe kikasimama njiani kuelekea mdomoni.

"Lutindi unakwenda kutazama nini?"

Nikajifanya msomi. Nikamweleza kuwa Lutindi ni sehemu ya historia: wamisionari wa Kijerumani walifungua makao kule juu milimani mwaka 1896, ya watoto waliotoka utumwani, na ilipofika 1904 pakaanza kutunzwa wagonjwa wa akili. Hospitali ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki, miaka zaidi ya ishirini kabla ya Mirembe ya Dodoma iliyofunguliwa 1927. Leo iko chini ya Walutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Nilikuwa natiririka kweli.

Mama mkubwa akaniacha nimalize. Akasema, "Mjomba wako alikaa huko miezi minane."

Hapa lazima niwaeleze. Tulipokuwa watoto tuliambiwa mjomba yupo Mombasa, anafanya kazi bandarini. Tulikuwa tunasubiri atutumie mpira. Kila Krismasi tunauliza, kila Krismasi meli haijafika. Kumbe mjomba alikuwa hajawahi hata kuiona Mombasa. Aliugua mwaka 1978, akapelekwa Lutindi, akapata nafuu, akarudi, akalima na kufuga kuku hapa hapa Korogwe, akafariki 1991. Miaka yote ile alikuwa mwendo wa saa chache kutoka kwetu. Tulifichwa sisi ili tusitaniwe shuleni, na dada zake wadogo wasikose wachumba.

Na mimi nani? Mimi ndiye niliyeandika humu humu, kwenye safu hii, kwamba fulani apelekwe Mirembe. Mlicheka, nami nikajiona mchekeshaji.

Nilitaka kuahirisha. Mama mkubwa ndiye aliyenitafutia kijana wa bodaboda, jirani yake. Tulipanda asubuhi, kona baada ya kona, joto la Korogwe likabaki chini na chai ikaanza, majani ya kijani yamelala mlimani kama zulia. Shati langu la kitalii halikufaa kitu. Nilitetemeka hadi kijana akanionea huruma akanipa koti lake.

Kule juu nilisimama nje ya majengo nikiwa na simu mkononi. Nilichojua ni kwamba wagonjwa wa Lutindi hufanya kazi za mikono na za shamba kama sehemu ya matibabu, kwa hiyo mwenye jembe si lazima awe kibarua. Nikainua simu nipige kanisa na milima nyuma yake. Kulikuwa na mtu anafagia njia, wa makamo, sweta limefungwa vifungo vyote. Akaacha kufagia.

"Onga makeo," akasema.

Nikaitikia kwa Kiswahili, maana Kisambaa changu kimeishia kwenye salamu. Akaniangalia kofia, miwani, simu.

"Umekuja kutazama au umekuja kusalimia?"

Mpenzi msomaji, sijui kama alikuwa mfanyakazi au mgonjwa, na nilipoondoka sikuwa nimemwuliza mtu. Nilijibu, "Kusalimia." Akauliza, "Nani?" Nikabaki nimeshika simu kama mwizi aliyekamatwa na sufuria. Mwisho nikamwambia nilikuwa na mjomba hapa, zamani sana. Akatikisa kichwa kana kwamba hilo ni jambo la kawaida kabisa, akanionyesha benchi lililokuwa juani, "Kaa hapo, kuna joto kidogo," akaendelea kufagia. Nilikaa kama dakika arobaini. Simu ilikuwa mfukoni, ndiyo maana wiki hii hamwoni picha ya Lutindi hapo juu. Mhariri kaweka ya Kideleko.

Jioni nikampigia bi mkubwa Dar. Nikamwambia nimefika Lutindi. Kimya. Nikadhani salio limekata, nikaangalia simu, dakika zinakwenda.

"Baridi bado ipo?" akauliza.

Nikamwambia ipo, mama, tena ya kung'ata.

"Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea sweta," akasema. "Ukirudi nitakuonyesha alilonirudishia."