Akina dada wa Howard watufunze

Januari 13, 1913, wanafunzi wa kike 22 wa Chuo Kikuu cha Howard, hapa Washington, waliunda umoja wao, Delta Sigma Theta. Hata miezi miwili haijatimia, Machi 3, wakaingia barabarani kudai kura ya wanawake, ingawa ndani ya maandamano yenyewe weusi walibaguliwa. Baadaye umoja huo ulichangia hospitali ya wazazi Thika, Kenya.

Sisi wa Afrika Mashariki tuishio hapa tuna vyama, na msiba ukitokea tunachangishana vizuri. Hilo ni jema, tusiliache. Lakini kwa nini tungoje mtu afe? Tuanze na karo ya binti mmoja. Umoja usio na kazi ni jina tu.