Haya Itulinde, Aibu Isituue



Kuna magonjwa tunayoyasema kwa sauti, na kuna yale tunayoyanong'ona. Mtu akipatwa na malaria, jumuiya nzima yajua kabla ya jua kutua. Akivunjika mguu, wageni hupishana mlangoni. Lakini mtu akiona damu chooni, hunyamaza. Hamwambii mke wake, hawaambii watoto wake, na hata mbele ya daktari huzungukazunguka: "Tumbo linanisumbua kidogo tu." Leo nataka kusema nanyi juu ya ukimya huo, na juu ya kipimo ambacho wengi hukikimbia kwa sababu yake. Kipimo hicho ni koloskopi, yaani kutazama ndani ya utumbo mpana kwa kamera ndogo inayopitishwa katika njia ya haja kubwa.

Huenda mtu akauliza: jambo hili lina nafasi gani katika mazungumzo ya vijana wa parokia? Nitamjibu kwa kisa cha nyumbani kwetu.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa heshima, msomaji wa masomo kanisani kwa miaka mingi. Aliona damu kwa zaidi ya mwaka mmoja akaiita bawasiri. Alikunywa mizizi, na alikubali hata kutiwa dawa kwa mpira, kama mama zetu walivyotutia tulipokuwa watoto. Lakini daktari alipomshauri aende mjini kupimwa utumbo, alijibu: "Sitavua suruali mbele ya watoto wa jana." Sisi tuliokuwapo tulicheka naye. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba tulicheka. Alipokubali kwenda, uvimbe ulikuwa umekwisha kufika kwenye ini. Tulimzika baada ya miezi minne.

Miaka tisa baadaye, mimi mwenyewe niliona damu. Mngedhani kwamba nilikimbilia hospitali siku ileile. Sivyo. Nilificha kwa miezi saba. Nilikuwa na onyo la kaburi la mjomba wangu, tena nilikuwa na karatasi ya daktari mkobani, na bado kila juma nilipata sababu ya kuahirisha. Kujua hatari ni jambo moja. Kuamka asubuhi na kwenda ni jambo jingine.

Aliyenitoa hapo ni kijana wa dada yangu, mwimbaji wa kwaya. Aliikuta ile karatasi. Hakunikemea, wala hakuniambia "usiogope", neno ambalo halijawahi kumwondolea mtu hofu. Aliketi nami kwenye benchi nyuma ya nyumba akauliza: "Mjomba, unaogopa nini hasa?" Nikanyamaza kitambo. Kisha nikataja hofu tatu: maumivu, aibu na majibu. Yeye akaongeza ya nne ambayo sikuitaja: fedha. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba hofu haipungui kwa kukemewa. Hupungua ikitajwa kwa jina lake, na mwenye hofu akipata mtu wa kwenda naye. Basi tuzitaje hizo nne.

Kwanza, maumivu. Tusidanganyane kwamba kipimo hiki ni starehe. Hata hivyo, wengi waliokipitia watakuambia kwamba siku ngumu ni ile ya kabla yake, kwa maana utumbo ni lazima uwe safi ili daktari aone. Kila hospitali hutoa maagizo yake, nayo yafuatwe. Kwa kawaida, siku mbili tatu kabla, vyakula vyenye nyuzi na mbegu huachwa: hakuna sombe wala lengalenga, hakuna maharagi wala mahindi, hakuna mapera wala marakuja. Siku ya mwisho mgonjwa hunywa tu vitu vyepesi, kama maji, chai isiyo na maziwa na mchuzi uliochujwa. Vinywaji vyekundu huepukwa, kwa sababu rangi yake yaweza kudhaniwa kuwa damu. Halafu huja dawa ya kuharisha, mara nyingi unga wa kuyeyushwa katika maji, pengine hata lita nne, nusu jioni na nusu alfajiri. Ladha yake haipendezi. Mimi niliinywa ikiwa baridi, kwa mrija, kidogo kidogo, nikapumzika kila ilipotaka kurudi.

Usiku ule ndipo nilipojua maana ya kusindikizwa. Choo chetu kiko nje, uani, na umeme hukatika tupendavyo tusipende. Kijana yule alikiosha mapema, akaweka bidoni mbili za maji, taa, kitambaa laini na kikopo cha vaselini kwa ajili ya ngozi inayochubuka. Akawaomba majirani tunaotumia nao choo watuachie usiku huo. Hakutoa hotuba yoyote. Nilikwenda na kurudi mara zisizohesabika, na kila mara niliona taa inawaka.

Kipimo chenyewe, kwa upande wangu, kilichukua muda wa nusu saa hivi. Nililala kwa ubavu wa kushoto, magoti yakiwa yamekunjwa. Mpira wenyewe ni laini, unene wake kama kidole, nao hufuata mikunjo ya utumbo mpana, ambao urefu wake ni karibu mita moja na nusu. Daktari huingiza hewa ili utumbo ufunguke, na hewa hiyo ndiyo huleta msokoto, kama gesi iliyonaswa tumboni. Mahali pengine mgonjwa hupewa dawa ya usingizi mwepesi. Mimi nilikuwa macho. Palipopindana niliumia kweli, nikaambiwa nipumue polepole, na daktari akasimama kidogo. Mgonjwa ana haki ya kusema "ngoja". Ana haki pia ya kuuliza mapema kama dawa ya kutuliza ipo.

Yapo madhara adimu, kama vile kutokwa na damu au utumbo kutoboka, na si vema kuyaficha. Baada ya kipimo, mtu akipata maumivu makali ya tumbo, homa au damu nyingi, arudi hospitali upesi. Na kabla yake, amweleze daktari dawa zote anazotumia, hasa za kisukari, za kuyeyusha damu na za kuongeza damu zenye madini ya chuma. Asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Pili, aibu. Hapa naomba tutofautishe maneno mawili ambayo twayachanganya. Haya ni fadhila. Hulinda utu wa mtu. Aibu ya namna hii ni kitu kingine: humshawishi mtu kwamba mwili wake ni kosa la kufichwa. Mwenye haya huomba pazia livutwe, huomba shuka, huuliza kama yupo muuguzi wa jinsia yake, na hospitali nzuri humsikiliza. Mwenye aibu hukaa nyumbani. Mjomba wangu hakufa kwa kukosa haya. Mimi nilipokuwa pale, hewa ilianza kutoka kwa sauti, nikatamani ardhi inimeze. Muuguzi akaniwekea mkono begani: "Itoe, Papa. Hata sisi twaingoja itoke." Kwake ilikuwa kazi ya asubuhi nyingine, kama fundi afunguaye injini.

Tatu, majibu. Nadhani hofu hii ndiyo mama wa nyingine zote. Twasema, nisipojua, sina ugonjwa. Lakini ugonjwa haungoji ruhusa ya kipimo. Tena, si kila damu ni saratani. Katika nchi yetu yaweza kuwa amiba, yaweza kuwa bilharzia, yaweza kuwa bawasiri kweli. Ndiyo maana daktari mara nyingi huanza kwa kupima choo kikubwa. Na hata pale panapo hatari, saratani ya utumbo mpana kwa kawaida huanza kama kinyama kidogo kiitwacho polipu, ambacho huchukua miaka mingi, pengine kumi au zaidi, kabla ya kugeuka. Katika koloskopi hiyohiyo daktari aweza kukikata, na mgonjwa kwa kawaida hasikii mkato. Kwangu zilionekana polipu mbili, zikatolewa, nami nimeambiwa nirudi baada ya miaka mitatu. Si kila mtu hupewa majibu kama yangu. Lakini mwenye majibu mabaya mapema ana njia nyingi kuliko mwenye majibu mabaya kwa kuchelewa.

Msidhani pia kwamba hili ni jambo la wazee peke yao. Chadwick Boseman, mwigizaji ambaye wengi wenu mlimpenda katika filamu ya Black Panther, alifariki kwa saratani hiyo mwaka 2020, akiwa na miaka 43. Kijana asiye na dalili wala historia ya ugonjwa huo katika ukoo kwa kawaida hahitaji koloskopi. Lakini damu isiyokoma, choo kilichobadilika kwa majuma kadhaa, kukonda bila sababu au upungufu wa damu usioeleweka, hayo yapelekwe kwa daktari katika umri wowote. Na mwenye mzazi au ndugu aliyeugua, aulize mapema ni lini apimwe.

Nne, fedha. Hapa sina maneno matamu. Mashine hii haiko katika kituo cha afya cha mtaa. Iko katika miji michache, na kwa wengi gharama yake pamoja na safari ni mzigo mkubwa. Lakini twachanga kwa ajili ya matanga bila kuambiwa mara mbili. Mjomba wangu alipokufa, mchango ulijaa kwa siku mbili. Sehemu ya fedha zile ingemfikisha mjini akiwa hai. Naona vibaya kwamba jumuiya zetu ni wepesi kununua jeneza na wazito kulipia kipimo, na nadhani ninyi vijana mwaweza kuanza kugeuza desturi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya hayafai kutajwa kanisani. Mnamo tarehe 12 Julai 1992, Jumapili, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaambia waamini waliokusanyika kwa sala ya Malaika wa Bwana kwamba jioni ile angeingia hospitali ya Gemelli kufanyiwa vipimo. Siku tatu baadaye alitolewa uvimbe katika utumbo mpana, akaishi karibu miaka 13 mingine. Mwaka huohuo, miezi miwili kabla, alikuwa ameanzisha Siku ya Wagonjwa Duniani. Naye Papa Fransisko alifanyiwa upasuaji wa utumbo mpana tarehe 4 Julai 2021. Baadaye alieleza redioni, bila kuona aibu, kwamba utumbo wake umepungua kwa sentimeta 33, akamsifu muuguzi aliyemwokoa maisha kwa kumshauri akubali upasuaji. Ndiye huyohuyo aliyesema na vijana wetu uwanjani Kinshasa mnamo Februari 2023. Kama Baba Mtakatifu aliweza kuutaja utumbo wake mbele ya dunia, nasi twaweza kuutaja wetu mbele ya daktari.

Na anayedhani kwamba sala yatosha bila daktari, asome sura ya 38 ya Yoshua bin Sira. Humo sala na tiba zimewekwa pamoja, wala mgonjwa halazimishwi kuchagua moja.

Basi, wapendwa, siwaombi muwe waganga. Nawaomba muwe watu ambao mzee aweza kuwaambia neno gumu bila kuchekwa. Mkimtembelea mgonjwa, msianze kwa mawaidha. Muulizeni anaogopa nini hasa, kisha mvumilie ukimya wake. Msindikizeni hadi mlangoni pa chumba cha kipimo, na mumngoje, kwa maana aliyepewa dawa ya usingizi hapaswi kurudi peke yake kwa pikipiki. Na usiku wa kunywa dawa, chotea mtu maji, mwashie taa. Mimi nilifanyiwa hivyo na kijana wa rika lenu, na ndiyo sababu nipo kuwaandikia.

Maswali ya kushirikishana katika kikundi:

1. Katika familia yangu, ni ugonjwa gani usiotajwa? Ukimya huo umetugharimu nini?

2. Je, nimewahi kucheka au kutania hofu ya mgonjwa? Ningefanya nini leo kama siku ile ingerudi?

3. Kikundi chetu chaweza kuweka akiba gani, hata ndogo, kwa ajili ya vipimo na safari za wagonjwa wa jumuiya, kabla ya kuchangia matanga yao?