UTABIRI WA MARADHI NA POSHO YA MFANYA KAZI



Tangu maradhi ya korona yalipopungua, mabishano hayaishi viwandani, ndani ya mabasi na hata katika mikutano yetu ya matawi. Wako wasemao kwamba wataalamu walitudanganya, kwani walitabiri vifo ambavyo havikutokea, na kwa hivyo maradhi mengine yakija hakuna haja ya kumsikiliza mtu. Wako wengine wasemao kwamba Serikali ilifanya yote sawasawa na kwamba aulizaye swali ni adui wa afya. Sisi twaona pande zote mbili zimekosea. Na kwa kuwa jambo hili lagusa mshahara wa mtu na chakula cha watoto wake, yafaa tulitazame wenyewe badala ya kuwaachia wenye sauti kubwa.

Kwanza habari ya utabiri. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwisho wa mwezi ule Wizara ya Afya ilisema wagonjwa wangeweza kufika 10,000 kufikia mwisho wa Aprili. Siku ilipofika, waliohesabiwa hawakufika 400. Watu wakacheka. Aprili hiyo hiyo Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi wa Afrika ilisema watu 300,000 wangeweza kufa katika bara letu hata kama mambo yote yangefanywa vizuri, na watu milioni 3.3 kama hakuna lolote lingefanywa. Mwezi wa Februari 2021, vifo vilivyoandikwa Afrika nzima ndiyo kwanza vilikuwa vimepita 100,000. Watu wakacheka tena.

Lakini asiwe mtu mwepesi wa kucheka. Hesabu ya wagonjwa ni hesabu ya watu waliopimwa, na waliopimwa walikuwa wachache. Watafiti wa KEMRI kule Kilifi walipima damu iliyotolewa na watu kwa ajili ya hospitali kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Wakaona kwamba kadiri ya watu wanne au watano katika kila 100 walikwisha kupitiwa na maradhi haya, na Mombasa na Nairobi walikuwa wengi zaidi. Wakati huo vitabu vya Wizara vilikuwa na wagonjwa elfu chache tu. Basi maradhi yalitembea sana kuliko yalivyohesabiwa, lakini yaliua watu wachache kuliko ilivyoogopwa, na sababu kubwa moja ni kwamba watu wetu wengi ni vijana. Hata hesabu ya vifo si ya kushikwa kama msahafu. Afrika ya Kusini, ambako vifo huandikwa vizuri kuliko katika nchi nyingi za bara hili, wahesabuji walipolinganisha vifo vya miaka ile na vya miaka ya kawaida, walipata ziada ya karibu mara tatu ya vifo vya korona vilivyotangazwa.

Utabiri wa namna hii si ramli. Ni hesabu yenye neno "kama" ndani yake. Karani wa stoo akisema unga utakwisha Alhamisi kama kila mtu atapewa kibaba kile kile, nanyi mkapunguza kibaba, unga ukafika Jumamosi, karani hakusema uongo. Kosa letu sisi ni kusahau neno "kama". Kosa la wakubwa ni baya zaidi, kwani wao walitangaza nambari, wakaliacha lile "kama" ofisini. Hatukuambiwa hesabu ilifanywaje, wala ni kitu gani kingeibadilisha. Tulipewa hofu peke yake, na baada ya hofu likaja rungu.

Tukumbuke Likoni. Tarehe 27 Machi 2020 ilikuwa siku ya kwanza ya kafyu, na kila mtu alitakiwa awe nyumbani saa moja ya usiku. Wafanya kazi walitoka kazini Mombasa kisiwani kwa saa zile walizoruhusiwa na waajiri wao, wakafika kivukoni, wakakuta umati mkubwa unangoja feri. Mtu hawezi kutembea juu ya maji. Hata hivyo polisi waliwapiga, wakawarushia gesi ya kutoa machozi, watu waliokuwa wakijaribu kutii amri. Na hawa ndio waliokuwa wameambiwa wasisongamane wala wasikoholeane! Siku chache baadaye, kule Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliyesimama katika roshani ya kwao alipigwa risasi akafa. Ilipofika Juni, halmashauri huru iangaliayo kazi ya polisi ilikuwa imetaja watu 15 waliouawa katika kulazimisha kafyu. Hawa hawakuwamo katika utabiri wa mtu yeyote.

Waliopoteza kazi nao je? Idara ya Takwimu ya Serikali yenyewe ilionyesha kwamba katika miezi mitatu iliyoishia Juni 2020 watu wenye kazi walipungua kwa milioni 1.7. Kweli, wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 walisamehewa kodi ya mapato mpaka mwisho wa mwaka ule, nasi twashukuru kwa hilo. Lakini kibarua wa siku, mama mpishi wa kando ya barabara na manamba hawana hati ya mshahara. Utamsamehe nini mtu ambaye hakulipwa?

Madereva wa malori wana shauri lao. Walisimama foleni ya kilomita nyingi kule Malaba, wakilala chini ya malori siku kadha wa kadha wakingoja kupimwa na kupewa cheti, huku watu wa miji wakiwaita waleta maradhi. Wazee wetu waliovaa kipande shingoni wangelifahamu jambo hili upesi sana. Hatusemi kupima ni vibaya. Twasema apimwaye kwa faida ya nchi asilipishwe kwa tumbo lake.

Katika habari ya dawa, mabishano yalikuwa makali, na hapa twawaomba ndugu zetu wawe na masikio mawili. Madagascar walitoa dawa ya chupa Aprili 2020, ikanunuliwa na kusifiwa kabla haijapimwa sawasawa. Jirani zetu Tanzania walisisitiza kujifukiza, na hesabu ya wagonjwa wao ikasimama katika 509 kwa zaidi ya mwaka mzima kwa sababu haikutangazwa tena. Lakini wakubwa wa Ulaya na Marekani nao waliisifu dawa ya malaria, haidroksiklorokwini, kwa maneno matupu. Ilipofika Juni 2020, madaktari wa Uingereza waliokuwa wakiwagawa wagonjwa kwa kura, hawa wapewe na hawa wasipewe, walionyesha kwamba haimwokoi mgonjwa wa hospitali. Mwezi huo huo, kwa njia ile ile, walionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, yapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa waliofikia kuwekwa katika mashine ya kupumulia. Ndivyo dawa inavyojulikana. Haitazamwi rangi ya aliyeitengeneza wala cheo cha aliyeitangaza.

Na wale walioitumia dawa hiyo kwa mikono yao? Desemba 2020 daktari kijana wa miaka 28 alikufa kwa korona baada ya kuwahudumia wagonjwa wa korona, naye alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi mitano. Mwaka ule ule mabilioni ya shilingi ya kununua barakoa na vifaa vingine katika KEMSA yaliingia katika kashfa. Waganga wasaidizi, wauguzi na madaktari walipogoma mwezi huo, wakaulizwa kwa nini hawana huruma.

Sasa tufanye nini? Maradhi mengine yatakuja. Julai 2024 homa ya mpox iliingia kwetu kwa msafiri aliyepita mpaka wa Taveta. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 30, humpa mfanya kazi aliyemaliza miezi miwili siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Lakini mtu aliyetiwa karantini siku 14 kwa sababu alikaa karibu na mgonjwa, yeye si mgonjwa wala hana cheti hicho. Mwajiri akitaka, atamkata zote.

Kwa hivyo twataka maneno haya yaingie katika kila mapatano yatakayofanywa upya na waajiri: siku za karantini zilipwe kamili, gharama ya kupimwa isitoke mshaharani, na amri yoyote ya kafyu ifuatwe na saa za kutoka kazini zinazompa mtu nafasi ya kufika kwao. Wawakilishi wa matawi wasomee wanachama bulletini hii, kisha wamletee Katibu kwa maandishi majina ya mahali pa kazi ambapo mapatano yanakwisha mwaka huu.

Mhariri