Ngazi ya Dungu
Mtu wa delta ya Rufiji huishi kwa kuamini miguu yake: hupanda mtumbwi unaoyumba, hukanyaga tope la mikoko maji yanapokupwa, hukwea ngazi ya dungu kwenda kulinda mpunga usiliwe na ndege. Sasa mfikirie mzee wa Salale au Mbwera aliyeshikwa na ugonjwa wa Parkinson. Mkono unatetemeka, hatua zinafupika, miguu inaganda kana kwamba imenaswa topeni, na ile ngazi aliyoijenga mwenyewe inamshinda. Watu watasema ni uzee, au karogwa. Hapana. Ni chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kujongea, zinakufa polepole. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta kwamba wengi wenye ugonjwa huu hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Na Hai wana hospitali ya KCMC jirani, wala hawavuki mto kwa kasia. Dawa ya levodopa, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, haiponyi, ila humrudishia mgonjwa mwendo wake. Lakini humezwa kwa saa maalumu, kila siku, na ikikatika mwili unakakamaa upya. Kwa hiyo naiomba ifike Kibiti, wilayani kwao, pamoja na daktari anayeujua ugonjwa huu, mzee asilazimike kupanda boti kisha basi hadi Dar es Salaam. Leo hii, ninyi wanawe, mfungieni kamba ya kushikia kutoka mlangoni hadi chooni, na akiingia mtumbwini, wawili waushike.