Maneno ya bazee wetu ilibaki wapi?

Bandugu batumishi, ba mama wa kambi, siku hizi kwetu kunaingia kila mara batu ba masomo. Wanauliza maulizo, wanapiga foto, wanarudi kwabo. Wengi mnatuuliza ku sendika: tuwajibu ao tuwafukuze?

Tunasema tujue kwanza kazi yao. Tuchukue Johannes Fabian, Mudachi. Alifika Katanga mu miaka ya 1960 kufuata habari za Jamaa, kile kikundi cha Wakatolika ambacho padri Placide Tempels alianzisha na batumishi ba migodi na bibi zao mu Kolwezi. Aliwasikiliza mu Kiswahili chetu hiki, chenye batu ba Dar es Salaam wanacheka, na akakiandika vile kinasemwa. Hiyo tunaiheshimu.

Kisha, 1972 mpaka 1974, alifundisha ku Lubumbashi. Njo pale alikutana na Tshibumba Kanda Matulu, mwenye alikuwa anachora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Tshibumba alichora historia ya inchi yote, picha kama mia moja, toka zamani mpaka Mobutu akipita kwa Lumumba, na kila picha aliieleza na kinywa chake, magnetofone inazunguka. Picha zikafika Amsterdam, mu Tropenmuseum. Kitabu kilitoka 1996, mu Kingereza. Tshibumba alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakukiona.

Hatusemi ni mwizi. Bila ile magnetofone, maneno ingekufa. Hata historia ya Élisabethville yenye André Yav aliandika mu 1965 kwa jina la baboyi, ni Fabian aliitosha mu kitabu mu 1990. Kwetu karatasi kama hizo, panya njo wanazisoma. Na maandishi mengi aliyaweka ku intaneti, Kiswahili na Kingereza pamoja. Lakini mama wa Kipushi asiye na kuraa ataifungua na nini?

Tena kuna jambo ya mukate. Mutumishi mwenye kifua kimeharibika na vumbi, ku biro wanamuomba papier. Mzee aliyefanya kazi naye mu shimo moja ameshakufa, na yale alimwambia mwanafunzi iko mu mémoire, mu kabati, mbali. Kule hawezi kumutolea ushuhuda.

Kwa hiyo tusimufukuze mutu. Profesa Dibwe dia Mwembu, wa Université ya Lubumbashi, aliandika juu ya bana ba migodi mu 2001. Wa kwetu pia wanaiweza hii kazi. Ila mwenye kuja kesho, mumuulize mbele ya kumupa kiti: copie utaiacha kwa nani, na mu luga gani? Akikosa jibu, arudi akaitafute kwanza. Na tusimungojee. Telefone ya mtoto inarekodi. Mzee aseme jina lake, poste yake, mwaka aliingia kazi, nani alianguka na siku gani. Copie moja ibaki nyumbani, moja mulete ku sendika.