Karatasi ya kupima maji ifike mpakani

Mfanyabiashara anayevuka Busia, Malaba au Mutukula hukagua mahindi, hupima uzito na huhesabu fedha mara mbili. Lakini maji anayokunywa, au anayochanganyia sharubati ya kuuza, huyapima kwa macho tu. Macho hayaoni vijidudu vya kipindupindu, na ugonjwa huo haugongewi muhuri mpakani.

Kipimo cha bei nafuu kipo. Ni kipande cha karatasi kilicholoweshwa dawa na kukaushwa. Kikichovywa majini hubadilika rangi, na rangi hiyo hulinganishwa na zile zilizochapwa kwenye kasha lake. Huonyesha klorini, asidi au naitreti kwa dakika chache, bila umeme. Ipo pia karatasi ya hidrojeni salfaidi, iliyotangazwa na watafiti wa India mwaka 1982. Huwekwa ndani ya chupa ya maji, na ikigeuka nyeusi baada ya siku moja au mbili, ni dalili kwamba huenda maji yamechanganyika na kinyesi.

Karatasi si maabara. Joto na unyevu huiharibu, na penye mwanga hafifu rangi husomwa vibaya. Kazi yake ni kutoa onyo la mapema, ili mwenye maji ayachemshe, ayatie dawa au apeleke sampuli kwa wataalamu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya viwango ya mwaka 2006 na kiwango kimoja cha maji ya kunywa, EAS 12. Kiwango hicho bado kiko mbali na mama lishe na muuza sharubati wa mpakani.

Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda lina makao yake Ntinda, Kampala. Liwahimize watafiti kutengeneza karatasi hizi nchini, na majaribio yaanzie soko la Ntinda. UNBS, KEBS na TBS wazithibitishe kwa pamoja, ili rangi isomwe vilevile pande zote za mpaka, na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili. Kisha kamati za masoko ya mpakani zikabidhiwe na zifundishwe kuzitumia.

Mchuuzi akilazwa wiki moja, mtaji wake huishia hospitalini na wateja huhamia kwa mwingine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.