Si Kila "Power" ni Nguvu

Waingereza wana neno moja, "power", ambalo wamelipakia shehena kama jahazi la msimu. Asili yake si yao. Walilipata katika Kifaransa cha Wanormani waliowatawala kuanzia mwaka 1066, na mzizi wake ni kuweza tu. Leo stima zikikatika, kilichokatika ni "power". Rais akiapishwa ameshika "power". Taifa kubwa ni "power", na hata kipeo cha hesabu darasani ni hiyo hiyo.

Sisi kila kitu tumekipa jina lake. Nguvu ni za mwili, na mpagazi wa bandarini anazo tele. Uwezo ni wa mfuko au wa akili. Madaraka ni ya cheo, mtu hupewa na hupokonywa. Mamlaka ni haki ya kuamuru na kutiiwa. Kudura nayo ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, wala sijapata kusikia mtu akitaja kudura ya mbunge.

Tofauti hizi si mapambo, ndugu msomaji. Baada ya damu kumwagika nchini, viongozi wetu walitia sahihi mkataba tarehe 28 Februari 2008, na Kiingereza kikasema wamegawana "power". Wananchi waliiita serikali ile nusu mkate. Mimi naona wao ndio waliofasiri sawasawa. Kilichokatwa pale mezani kilikuwa madaraka, yaani viti, hata tukawa na mawaziri 40. Mamlaka hayakuwa yao kuyagawa. Katiba ya 2010, katika ibara yake ya kwanza kabisa, inasema mamlaka kuu ni ya wananchi. Bunge, serikali na mahakama zimekabidhiwa tu.

Lakini linalonikera zaidi ni ile hati ya "power of attorney", ambayo wengine huifasiri "nguvu za wakili". Mzee mwenye shamba lake Kilifi akisomewa maneno hayo atafahamu nini? Na kijana aliyeandikiwa hati hutembea kifua mbele akisema yeye sasa ndiye mwenye nguvu. Nguvu gani? Hilo ni jambo la uwakili, na uwakili twaujua tangu zamani. Baba akimpa mtu uwakili wa kumwozea bintiye, je, amempa binti awe wake? Wakili hufanya alilotumwa, akakomea hapo.

Tena mwenye mali akifariki, kwa kawaida uwakili huo nao umekufa, kwa sheria ya nchi na kwa sheria ya Kiislamu pia. Mali imekuwa mirathi, na Waislamu wanaoafikiana wana mahakama ya kadhi, iliyotajwa katika ibara ya 170, ya kuwaamulia. Anayeuza shamba kwa karatasi ile baada ya mazishi anauza haki ya mjane na mayatima.